Onyesheni Mpako, Si Moto Tu

Wadau, leo sina utani. Nina neno na wenzangu tunaoishi kwa kamera, na nina neno na nyinyi mnaotutazama pia.

Kuna aina moja ya video imejaa kwenye simu za vijana wa hapa kwetu. Jamaa anachukua kile kitu cheupe chepesi kinachokuja ndani ya boksi la TV mpya, stairofomu, anakikata umbo la upanga, au gia, au fuvu la kichwa. Anakifukia kwenye ndoo ya mchanga. Anamimina alumini iliyoyeyuka juu yake, ndimi za moto zinaruka, moshi mweusi unapanda, muziki unapiga. Sekunde thelathini baadaye anachimbua upanga wa chuma kitupu. Watu wanabonyeza moyo, wanasambaza, basi.

Maoni yangu ni haya, na nayasema kama mtu anayekula kwa kazi hii hii ya video: ile video imekatwa pahali pabaya. Kati ya kukata stairofomu na kuifukia mchangani kuna hatua moja inayochukua siku nzima, wakati mwingine mbili, na haina moto wala muziki. Ni kupaka. Umbo linapakwa tope jembamba, linaachwa likauke kabisa, linapakwa tena. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Sisi tunaoitupa hiyo sehemu ili video iwe fupi tunawauzia vijana nusu ya maarifa, na kwenye kazi ya madini ya moto nusu ya maarifa ni mbaya kuliko ujinga mtupu. Mjinga hajaribu.

TUELEWANE KWANZA

Kiswahili chetu kina neno lake: kusubu. Kusubu ni kuyeyusha madini na kuyamimina kwenye kalibu ili yapate umbo. Neno la wazee, halikuja na intaneti.

Njia ambayo mafundi wengi wa jua kali wanaitumia ni ya mchanga wenye unyevunyevu. Fundi anakuwa na umbo la mbao, au hata sufuria nzima iliyokwisha kutengenezwa. Anashindilia mchanga ulioloa kidogo kulizunguka, kisha analitoa taratibu. Linabaki pango lenye umbo lile lile, na alumini inamiminwa humo. Sufuria nyingi nene za alumini zinazopika pilau za harusi zetu zimezaliwa hivyo. Ni njia nzuri na sina neno nayo. Shida yake ni moja: umbo lazima litoke bila kubomoa mchanga. Kitu chenye pembe za ndani, mashimo na mizunguko kinakuwa mtihani. Lazima ukigawe vipande, au upate seremala mahiri wa kuchonga umbo, na seremala mahiri hafanyi kazi kwa bei ya chai.

Njia ya stairofomu inaruka hiyo shida yote, kwa sababu umbo halitolewi. Linabaki mchangani. Alumini inayeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, na inamiminwa ikiwa imepita 700. Stairofomu inalegea karibu na nyuzi 100 tu, na karibu asilimia 98 yake ni hewa. Madini yakifika, stairofomu inayeyuka, inageuka mvuke na uji mwembamba, inaondoka, na madini yanakaa pahali pake. Ulichokata kwa kisu ndicho utakachochimbua.

Na si mchezo wa watoto wa mtandaoni. Mmarekani Harold Shroyer alipata hataza ya wazo hili mwaka 1958. Miaka ya 1960 wakaja wengine wakaonyesha kuwa hata mchanga mkavu mtupu, usio na gundi yoyote, unatosha. Kufikia miaka ya 1990 kampuni ya General Motors ilikuwa inasubu sehemu za injini za magari ya Saturn kwa njia hii. Sehemu za injini, wanangu. Kwa hivyo mtu asikwambie ni upuuzi.

Lakini nenda kaulize kiwanda chochote kati ya hivyo: hakuna anayezika stairofomu tupu. Zote zimepakwa.

MPAKO UNAFANYA NINI

Chukua dakika moja ufikirie. Madini yanashuka, stairofomu inarudi nyuma mbele yake. Kati yao kuna upenyo mdogo wenye mvuke. Wakati huo mchanga ulio pembeni unashikwa na nini usiporomoke? Madini hayajafika, stairofomu imeshaondoka. Ni ule mpako peke yake, ganda jembamba ambalo halifiki unene wa kucha, ndio umesimama hapo kama ukuta. Usipopaka, mchanga unadondokea ndani. Utachimbua kitu chenye makovu, chembe za mchanga zimeingia mwilini mwake, na ukikitia tupa au mashine ya kutoboa zinakula meno ya vifaa vyako.

Kazi ya pili ni kutoa uchafu. Kwenye joto la alumini stairofomu haigeuki hewa yote. Sehemu kubwa inakuwa ule uji wa kunata. Uji huo na mvuke wake lazima upite njia, na njia ni kupitia kwenye mpako, uingie mchangani. Mpako ukiwa umeziba kama rangi ya mafuta, mvuke unakosa pa kwenda. Madini yanasimama katikati ya safari, au yanakutana pande mbili yakakunjana bila kushikana, na kitu kinatoka kina ufa usiouona mpaka siku kinakatika. Au mvuke unachagua njia rahisi kuliko zote: unarudi juu kwenye mdomo ulikomwagia, na mdomo huo wewe umeuinamia.

Lakini mpako ukipitisha kupita kiasi nao ni balaa, kwa sababu madini yanakimbia, yanaimeza stairofomu kabla haijaondoka, na uchafu unabaki ndani.

Kazi ya tatu ni ngozi. Madini yananakili kinachoyagusa, na kinachoyagusa ni mpako. Mpako laini, kitu laini. Na ya nne ni nguvu: stairofomu nyembamba inapinda mchanga ukishindiliwa, ila ikishapakwa na kukauka inakuwa ngumu kama ganda la yai. Juu ya hayo, ganda hilo linatunza joto, madini yasigande kabla hayajajaza pembe zote.

Kwa hivyo mpako unatakiwa uzuie na upitishe kwa wakati mmoja. Mtu wa bara huenda akaona hii ni fumbo. Mtu wa Mji wa Kale hana haja ya kuelezwa mara mbili. Nyumba zetu za mawe ya matumbawe zilipakwa chokaa, na chokaa inapumua. Inazuia mvua na inaruhusu unyevu wa ukuta utoke. Halafu akaja fundi wa haraka akapaka simenti juu, ukuta ukapendeza mwaka mmoja, chumvi na maji vikanaswa ndani, na sasa plasta inabanduka vipande vipande. Unapita vichochoro vya kule unaona ushahidi wenyewe. Mpako usiopumua unaua kile ulichokuja kukilinda. Ni kanuni ile ile.

Na nenda kwa watu wa majahazi. Chini ya maji chombo kilipakwa deheni, chokaa iliyochanganywa na mafuta. Juu ya maji kikapakwa sifa, mafuta ya papa. Mipako miwili kwa chombo kimoja, kwa sababu kila pahali pana adui wake. Sisi watu wa pwani tunajua kupaka. Tumesahau tu kwamba huo ni ujuzi.

UNAPAKA NINI

Viwandani wanatumia unga wa mawe yanayostahimili moto: silika, alumina, zirkoni, mika. Wanauchanganya na maji, udongo na gundi kidogo. Uzito wa tope unapimwa kila mara, kwa sababu likiwa zito leo na jepesi kesho, vitu vitatoka tofauti. Kisha wanakausha kwenye vyumba vya joto la karibu nyuzi 50, si zaidi sana, maana stairofomu ikipata joto jingi inanywea.

Uani, watu wa nchi nyingi wamegundua kitu cha bei nafuu kinachofanya kazi vizuri kwa alumini: ule unga au uji wa jipsamu wa kuzibia maungio ya dari. Unaongezwa maji mpaka uwe kama maziwa ya mgando yaliyopigwapigwa, unachovya umbo au unamwagia juu yake, unalitikisa mapovu yatoke, unalitundika likauke. Mombasa ya leo ina jipsamu kila kona. Tangu nyumba za zamani za Buxton zibomolewe na maghorofa kupanda, mafundi wa dari hawajapumzika kisiwani hapa, na makopo yaliyobaki nusu yanatupwa.

Sasa sikiliza hii, kwa sababu video za Ulaya na Marekani hazitakwambia. Wao wanasema acha usiku mmoja. Usiku mmoja wa kwao si usiku mmoja wa Mombasa. Hewa yetu imebeba maji, na wakati wa masika shati lenyewe halikauki kwenye kamba. Mpako unaweza kuwa mkavu kwa nje, ukiugusa unatoa unga, na kumbe ndani ya pembe bado una maji. Maji yakikutana na madini ya nyuzi 700 yanageuka mvuke papo hapo, na mvuke unataka nafasi kama mara 1,600 ya maji yalivyokuwa. Hilo si jambo la kitu kuharibika. Hilo ni jambo la hospitali.

Dawa yake ni mizani ndogo ya jikoni. Pima umbo lililopakwa, andika gramu. Weka mbele ya feni. Pima tena baada ya saa kadhaa. Likiendelea kupungua, bado kuna maji yanayotoka. Likikaa uzito ule ule mara mbili tatu mfululizo, ndio limekauka. Na mchanga nao vilevile: wa ufuoni una maji na chumvi, lazima uwe umeoshwa na kukaushwa kabisa. Hii sio sayansi ya roketi. Lakini niambie ni video gani uliyoona ina mizani.

KUMBE NI YETU

Wanaoniambia hii ni teknolojia ya wazungu nawatuma Lamu. Kwenye jumba la makumbusho kule kuna siwa ya shaba, ile baragumu kubwa ya heshima iliyokuwa ikipulizwa kwenye mambo ya kitawala na sherehe za wakubwa. Ndugu yake, siwa ya Pate, ni ya pembe za ndovu. Hii ya Lamu ilisubiwa, na ilisubiwa kwa njia ya nta.

Njia ya nta inakwenda hivi: unatengeneza umbo kwa nta, unalipaka udongo laini kwanza, kisha udongo mzito, unakausha, unapasha moto nta itoke, unamimina madini. Umeona? Weka stairofomu pahali pa nta, na mpako wa unga wa mawe pahali pa udongo laini, umefika 1958. Tofauti kubwa ni kwamba nta inatolewa kabla, na stairofomu inafukuzwa na madini yenyewe. Na kwenye njia zote mbili, ile tabaka ya kwanza, ile laini inayogusa umbo, ndiyo inayoamua kama nakshi itaonekana au itapotea. Fundi aliyesubu siwa hakuwa na haraka. Angekuwa na haraka tusingekuwa na siwa.

Kwa hivyo ninaposema tujifunze kupaka, sisemi tuige. Nasema tuendelee.

PESA IKO WAPI

Hapa ndipo wengi mtaniuliza, haya, ya nini yote haya?

Kusubu kwa mchanga na umbo la mbao kunalipa ukitaka vitu mia moja vinavyofanana. Umbo moja linatumika mara mia, gharama inagawanyika. Lakini ukitaka kitu kimoja tu, umbo la mbao linaweza kuwa ghali kuliko kitu chenyewe. Stairofomu ni kinyume. Inatumika mara moja, inaisha, na inakatwa kwa dakika chache kwa waya wa moto.

Na kisiwa hiki kimejaa vitu vya mojamoja. Kifuniko cha pampu ya kisima ambayo kampuni yake ilishakufa. Puli ya mashine ya kusaga. Mguu wa cherehani cha bibi. Kishikio cha mlango wa Kiswahili kilichopotea mmoja ukabaki mwenzake. Mapambo ya chuma ya roshani ambayo hayapatikani dukani popote. Watu wanangoja wiki nyingi kitu kiletwe kutoka Dubai au China, au wanatupa mashine nzima kwa sababu ya kipande cha ukubwa wa ngumi. Malighafi tunayo, alumini chakavu na stairofomu inayozagaa mpaka baharini. Mikono tunayo, haina kazi, imekaa barazani.

Nataka niwe mkweli hapa pia. Kuna vitu ambavyo hupaswi kuvisubu uani hata ukiwa bingwa. Breki, usukani, chochote ambacho kikikatika kinaondoka na roho ya mtu. Alumini chakavu ni mchanganyiko ambao hujui ndani yake mna nini, na ufa wa mkunjo hauonekani kwa macho. Anza na puli, usianze na gurudumu la tuktuk.

FUNDI NA KAMERA

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili, mambo ya karo. Chuo chenyewe sikitaji. Lakini kwenye somo la kusubu tulichora mchoro wa kalibu, tukaandika majina ya sehemu zake, tukafanya mtihani tukapita. Madini yaliyoyeyuka sikuyaona hata kijiko. Niliyaona mara ya kwanza Majengo, kwenye karakana ya ami mmoja ambaye hajui kuchora huo mchoro na anaijua kazi kuliko kitabu. Siku ya kwanza niliyokwenda na kamera alishangaa nimefika asubuhi. Wenye kamera, alinambia, huja saa ya moto na kuondoka na moto.

Asubuhi nzima alikuwa anagongagonga maumbo kwa kucha, anasikiliza. Lililokauka lina sauti yake. Mawili akayarudisha kwenye kamba. Mteja alikuwa amekaa pale ananung'unika, ami hakumjali.

Nilitoa video mbili kutoka siku ile. Ya kumimina ikakimbia vizuri sana. Ya kupaka ikajikokota. Lakini kwenye ya kumimina watu waliacha alama za moto na vicheko. Kwenye ile iliyojikokota waliandika watu wachache tu, na wote walikuwa na maswali: kwa nini yangu inatoka na mashimo, naongeza maji kiasi gani, naweza kupaka kwa brashi? Hao ni watu wenye mchanga kwenye kucha. Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwenye simu kila kitu chajitembeza, kwa hivyo kazi ya kutenganisha imebaki kwetu.

Kuna jambo lakini lazima nilitaje, kwa sababu ami alinipa masharti. Nirekodi kila kitu, ila vipimo vya tope lake nisivitoe. Kuna kitu anaongeza, nami najua ni nini, na hapa sikisemi. Kuna wadau watasema elimu ni ya wote. Sawa. Lakini mchanganyiko wa fundi ndio hati yake ya kumiliki. Hana hataza kama Shroyer, hana wakili, ana siri tu. Ukiitoa siri hiyo kwa ajili ya video, umemuibia mtu mkate ili wewe upate watazamaji. Kanuni ni ya wote, nami nimeiandika hapa bila kuficha: upumue, uzuie, ukauke. Vipimo ni vya mwenyewe. Na pesa ya video iliyorekodiwa kwenye karakana ya mtu igawanywe na mtu huyo. Sioni ugumu uko wapi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wa kwanza wanasema moshi. Wana haki. Stairofomu ikiungua inatoa mvuke wa stairini na masizi, na si kitu cha kuvuta. Kiasi chake ni kidogo, maana kipande cha ukubwa wa kiganja ni gramu chache tu, lakini kidogo hakimaanishi hakuna. Fanya pahali wazi, upepo uwe nyuma yako, watoto wawe mbali. Na usifanye Mji wa Kale. Kichochoro ambacho watu wawili wanapishana kwa kugeuka ubavu si pahali pa tanuri. Sponji ya godoro usiiguse kabisa, ile ni kitu kingine na moshi wake una sumu ya sayanaidi. Mabomba ya plastiki vilevile. Na unga mkavu wa silika usiupulize wala kuufagia bila barakoa, unakaa mapafuni na hautoki.

Wa pili wanasema acha hizi kazi, kijana asome kompyuta. Mimi nafanya kazi kwa kompyuta kila siku na sioni kinachogombana. Umbo la stairofomu leo linachorwa kwa kompyuta na kukatwa na mashine. Anayejua yote mawili ndiye atakayekula.

Wa tatu wanasema hawa mafundi ndio wanunuzi wa vyuma vya wizi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, baada ya nguzo za umeme kuhujumiwa na Kenya kukaa gizani. Wezi wale walistahili kukamatwa, sitetei mtu. Lakini mpaka ruhusa iliporudi miezi kadhaa baadaye, anayesubu sufuria halali alikuwa amefungiwa malighafi pamoja na mwizi, kwa sababu serikalini hakuna aliyemuona kama kiwanda. Shirika la Kazi Duniani liliandika kuhusu Kenya mwaka 1972 kwamba sekta hii isiyo rasmi inazalisha, si watu wa kubahatisha. Mwaka 1972! Hiyo ripoti ni kubwa kuliko mimi kwa miaka mingi, na bado tunabishana.

NINACHOTAKA

Kwa wenzangu wenye kamera: video yoyote ya kusubu ionyeshe mpako, ionyeshe ulikauka muda gani, na ionyeshe miguu. Nimesema miguu. Ukiona mtu anamimina alumini amevaa champali, usisambaze. Kila unaposambaza unamwambia mtoto wa miaka kumi na tano kwamba hivyo ndivyo inavyofanywa. Viatu vya ngozi, suruali ndefu ya pamba, ngao ya uso, mchanga mkavu chini badala ya saruji, kwa sababu saruji nayo inashika maji na inaruka vipande.

Kwa mafundi: fungueni mlango asubuhi. Siri zenu kaeni nazo, lakini mpako wenu uonekane, kwa sababu mteja asiyeona kazi ya siku mbili atawalipa bei ya dakika moja. Mnalalamika mnapunjwa. Mteja anaona moto tu, na moto kwake ni rahisi.

Kwa kaunti: vyuo vya ufundi vya mitaani viko mikononi mwenu kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sikuombeni kiwanda. Banda moja lenye paa refu, tanuri ndogo, mapipa ya mchanga mkavu, mizani, feni, na ami mmoja kama yule wa Majengo analipwa kufundisha. NITA inapima mafundi kwa madaraja, la tatu mpaka la kwanza. Mpeni fundi wa kusubu njia nyepesi ya kufika kwenye hiyo karatasi, hata kama hakumaliza darasa la nane, ili naye aweze kuomba zabuni.

Na kwa wewe unayesoma ukiwa na stairofomu kwenye kona ya chumba na hamu mkononi: nunua mizani kabla ya kununua makaa. Paka, kausha, pima, vunja ganda uangalie lilivyokauka ndani, paka jingine. Fanya hivyo mara kumi bila kuwasha moto. Utachoka, hutakuwa na cha kuposti, na utakuwa umeshajua zaidi ya nusu ya wanaoposti.

Kama wewe ni fundi unayepaka kwa namna yako, niandikie hapo chini. Nitakuja na kamera, na nitakuja asubuhi.